Nafasi Tupu za Mama Jentrix

Haya hayakumpata rafiki wa rafiki. Yalimpata wifi yangu Anyango, mke wa mdogo wangu Saleh, na yalianzia barazani pangu, mchana, jua likiwaka, mandazi yakiwa kwenye mafuta.

Saleh alikuwa na kiwanda cha kuchapa pale Kaloleni, Kisumu. Nasema kiwanda kwa sababu mwenyewe alitaka kiitwe hivyo. Kilikuwa chumba kimoja cha mabati na mashine moja ya kukanyaga kwa mguu, mfano wa cherehani, yenye kelele za punda aliyenyimwa majani. Alichapa kadi za arusi, risiti za maduka, na matangazo ya makanisa ambayo yalikuwa bado hayajapata viti. Mimi nilikaanga mandazi kwenye baraza lake, na kwa kuwa kila mteja lazima anipite, hakuna arusi ya mji huu ambayo sikuijua kabla ya bi arusi. Ilikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka wa njaa, wa unga wa manjano wa msaada. Waliokula ugali ule wanajua. Wengine nisiwachoshe.

Basi siku hiyo akaja mtu aliyeshuka basi la Usenge, jina lake Zadock. Mwembamba, koti la suti, kiatu kimoja cheusi na kingine cha kahawia, vyote vimepigwa rangi vikang'aa, kana kwamba kosa ni la macho yetu. Alikumbatia furushi la karatasi ndani ya nailoni, na furushi lenyewe lilinuka omena, wale dagaa wa ziwani.

"Mama, ni hapa wanachapa vitabu?"

"Vitabu?" nikamwambia. "Kaa kwanza ule. Vitabu havikimbii."

Mimi habari za mtu huzipata kwenye andazi la pili. La kwanza analila kwa njaa. La pili mdomo umeshalegea. Zadock alipofika la pili nilikuwa nimeshajua habari za Mama Jentrix.

Mama Jentrix alikuwa mwanamke wa kuanika omena kule Usenge, mjane, hana makuu. Sasa, watu wa ziwani wanawajua nyawawa, wale wapitao. Jioni fulani husikika wakitoka majini, sauti kama umati unaoongea mbali, na hakuna wa kuonekana. Boma la kwanza hugonga masufuria, madebe, mlango wa bati, chochote chenye kelele, ili wasikae. Wanasogea boma la pili, nalo linagonga. Hivyo hivyo nyumba kwa nyumba, mpaka wanarudi ziwani. Hata sisi Waislamu wa mjini tulijua hayo, ingawa tulijifanya hatujui.

Jioni moja Mama Jentrix hakugonga. Alikuwa ametoka kumzika mtoto wake wa mwisho na mikono haikuwa na nguvu ya kuinua mwiko. Aliketi tu mlangoni, akawaacha waingie. Asubuhi majirani walimkuta anaosha vyombo, macho makavu. Uchungu wake haukuwa umepungua. Ulikuwa umekwisha, kama mtungi uliochotwa wote. Na alikuwa ananong'ona maneno ambayo hakuna aliyemfundisha.

Kutokana na maneno hayo likaota kanisa. Waliofiwa walimwendea, akawasomea sala zile, madebe yakagongwa, wakarudi nyumbani wepesi. Zadock, aliyekuwa akifundisha watoto wa kanisa lile, aliandika kila kitu kama alivyokisikia. Mama Jentrix akafa. Na Zadock akaona sala zisife naye, zifike mpaka kwa watu wasiojua Usenge iko wapi.

"Zinaondoa uchungu kweli?" nikamuuliza.

"Mama, mimi nimezika mke wangu. Niangalie."

Nikamwangalia. Alikuwa anachovya andazi kwenye chai. Mtu aliyeshiba, basi.

Saleh aliipokea kazi na Zadock akarudi kwao. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilifanywa mchana, na mtu mwema, akipiga mluzi.

Lazima nieleze jinsi wachapaji wa zamani walivyofanya kazi. Herufi zilikuwa vipande vya risasi. Saleh alizichukua moja moja kwenye kasha akazipanga kinyume, kama unavyoona maandishi kwenye kioo. Hakuwa akisoma. Mpangaji herufi haoni sala, anaona a, anaona k. Na mahali patupu kwenye ukurasa hapaachwi hivi hivi. Hujazwa vipande vya risasi visivyo na herufi, la sivyo mistari yote huanguka. Nafasi tupu ya mchapaji ni nzito kama maneno.

"Dada, njoo uone maajabu," aliniita. "Huyu mwandishi alikuwa na karatasi za kuchezea. Mistari mitatu, halafu jangwa. Mistari miwili, jangwa tena."

"Labda ndivyo wanavyopenda."

"Wapende na karatasi zao. Mimi vipande vya kujazia sina, karatasi nazo mwaka huu hazipatikani. Nimefunga nafasi zote. Sala zimeshikana vizuri, safi, kama Mungu anavyopenda."

Kitabu kizima kikawa kijitabu chembamba chenye jalada la buluu. Alijivuna nacho mpaka masharubu yakasimama. Zile karatasi za mkono za Zadock alizibandika ndani ya mashine, nyuma ya ubao wa chuma, kama walivyofanya wachapaji wote wenye herufi zilizochakaa, ili herufi zipate kugandamiza. Anyango alipita pale mara ngapi akileta chai! Yeye alizaliwa karibu na Usenge, mambo ya kugonga aliyajua tangu mgongoni kwa mama yake. Lakini kusoma hakujua. Aliona karatasi, akaona wino, akaweka chai akaondoka.

Zadock alipokuja kuvichukua aliangalia majalada tu. Alivibeba kwa gunia, akapanda basi.

Zikabaki karatasi zilizoharibika, zile za wino uliokwajuka, na Rehma akazichukua. Rehma alikuwa mtoto wa pekee wa Saleh na Anyango, darasa la pili, mdomo kama redio. Ndiyo kwanza anajua kusoma, na alisoma kila kitu, mifuko ya sukari, vibao vya barabarani, hata madeni ya watu dukani kwa sauti kubwa. Alipanga magunzi ya mahindi yale ya manjano barazani, akayafunika vitambaa, akayafanya waumini.

"Ninyi mnaopita, ingieni. Ninyi wenye baridi, kaeni. Kuna uchungu hapa, kuleni."

Akageuza ukurasa. Akasoma tena. Na tena, mchana kutwa, mchana wa kesho. Mimi nami nilisoma ukurasa mmoja, nikiweka kidole, kwa mdomo, maana mimi bila mdomo sisomi. Maneno yalikuwa matamu. Yalifuatana bila pumzi.

Siku moja, baada ya adhuhuri, Rehma alikuja jikoni kwangu. Mafuta yalikuwa yanachemka. Akatia vidole ndani, taratibu, akatoa andazi, akalitazama.

"Shangazi," akasema, "hili halijaiva."

Akalirudisha.

Mimi ndiye niliyepiga yowe. Mtoto alisimama akinitazama jinsi ninavyopiga yowe, na ngozi ya vidole ilikuwa inainuka.

Hospitalini walimfunga vidole. Daktari alimchoma sindano kwenye unyayo, kwenye goti, begani. Rehma alikuwa akitazama dirishani, kuna kuku nje. Daktari akasema turudi wiki ijayo. Hatukurudi, maana alichotuambia kwa macho kilikuwa kimetosha.

Kelele za nyumba ile zikaisha. Rehma hakuomba chakula. Ukimpa anakula, usipompa haulizi. Magunzi aliyaacha barazani. Alianza kulala ukingoni kabisa mwa kitanda, kwenye ubao, kitanda chote kikiwa wazi. Anyango alimsukuma katikati. Akarudi ukingoni.

"Mbona hulali vizuri, nyathina, mwanangu?"

"Watakosa mahali," Rehma akanong'ona.

Mchana alikuwa akiketi mkekani, na kila mara alisogea kidogo. Halafu kidogo tena. Kama mtu anayewapisha wanaoingia. Kufika alasiri mgongo wake ulikuwa umeshafika ukutani.

Anyango alikuwa mwanamke wa kucheka na kutukana, mkono mzito, moyo mwepesi. Alikuja kuketi kando ya jiko langu, hakuleta stuli, aliketi chini.

"Mama Idd," akaniambia, "mimi sitaki kitu ingine. Nataka mtoto wangu alie. Alie tu. Hata anitukane akilia."

Wanawake wa samaki nao wakaanza kuleta habari kutoka Usenge. Walizileta kwa kunong'ona, na wanawake wa samaki hawanong'oni. Vitabu vilisomwa kila nyumba, sasa kila mtu alikuwa na chake, hakuna haja ya kwenda kanisani wala ya kubeba debe. Mke wa Opiyo aliacha omena zikaoza juani huku ameketi kando yake, nzi puani. Kulikuwa na mazishi kwa mtu mmoja, Gordon, na hakuna aliyelia. Mnanielewa? Matanga ya Wajaluo, maiti uani, na watu wamekaa wanatazama kuku. Walifukia kaburi, wakapangusa mikono, wakaenda zao. Mjane alisahau njiani alikuwa anatoka wapi.

Zadock akaja tena. Safari hii viatu vilifanana, yaani vyote vilikuwa vya matope. Alitua gunia la vitabu vya buluu barazani.

"Nimerudisha," akasema.

Kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia palikuwa na ndoana ya samaki. Imeingia yote. Uzi wake ulikuwa ukining'inia.

"Baba, kidole," nikamwambia.

Akakiinua akakitazama. "Ni ya juzi," akasema. Akakishusha.

Saleh alitoka, wino mikononi, akauliza kitabu kina nini. Zadock alikifungua. Alikigeuza, akakigeuza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma bei za mboga.

"Umefunga."

"Nimefunga nini?"

"Hapa watu wanagonga. Na hapa. Niliacha mahali. Ndogo, wanagonga kidogo. Kubwa, wanagonga sana. Maneno ni ya kukaribisha, bwana. Kuaga ni sufuria. Wanaingia, wanakula uchungu, wanafukuzwa. Sasa hii yako..." Akapitisha kidole chenye ndoana kwenye ukurasa, juu mpaka chini. "Hii ni kukaribisha tu."

Ndani, Rehma alisogea mkekani. Tulisikia mkeka.

Anyango ndiye aliyeuliza. "Ukisoma ile ya kwanza, na mimi nigonge, mtoto atarudi?"

"Wataenda kwa jirani."

"Na jirani?"

"Jirani atawafukuza bila kujua. Saa ya ugali kila mtu anagonga mwiko kwa sufuria. Watafika ziwa."

Saleh alikuwa ameshaifungua mashine. Karatasi za mkono zilikuwa zimeshikamana nyuma ya ubao, akazibandua kwa kisu, moja moja, kama mtu anayechuna samaki. Zilikuwa zimegandamizwa mpaka zimekuwa na makovu ya herufi. Lakini mwandiko ulisomeka, na nafasi zilionekana. Anyango akaleta sufuria lake kubwa, lile la arusini, na mwiko.

Tulimketisha Rehma katikati ya chumba. Hakukaa katikati. Akasogea mpaka ukutani, tukamwacha hapo.

Zadock akasoma mistari mitatu. Akanyamaza, akapima nafasi kwa jicho, akainua mkono. Anyango akagonga. Mungu wangu, aligonga! Mabati ya kiwanda yaliitikia. Zadock akashusha mkono, akasoma. Akainua. Anyango akagonga.

Kwenye nafasi ya pili Rehma alipepesa macho. Nikagundua kwamba kwa siku nyingi sikuwa nimemwona akipepesa.

Akasoma. Akagonga. Mtoto akavuta mkono wake, ule wa vidole, akauficha kifuani.

Akasoma. Akagonga. Mlango ulikuwa wazi, upepo haukuwapo. Pazia likatoka nje. Likabaki nje, limenyooka, kama kitambaa kinachopitiwa na watu wengi.

Akasoma mstari wa mwisho wa karatasi ya mwisho. Na Rehma akafungua mdomo, akalia.

Alilia kama mtoto mchanga. Alilia vidole, alilia njaa, alilia siku zote zile kwa pamoja. Anyango alitupa mwiko akamkumbatia. Saleh aliketi juu ya gunia la vitabu, mabega yakitikisika. Majirani walichungulia, wakacheka kwa furaha bila kujua ni ya nini. Mimi nilisimama pale nikangoja furaha yangu ije. Nilingoja kama unavyongoja chafya. Haikuja. Nikajiambia ni moshi.

Nilimtilia Zadock chai. Akanywa ikiwa inachemka bado, akaaga. Mlangoni akageuka. Aliuliza kama anayeulizia chumvi.

"Na ile ya mwisho mmeiacha?"

"Ipi?"

"Ile ya chini. Kubwa."

"Mbona hukuinua mkono?"

Akafikiri kidogo. "Nimesahau," akasema. Akaondoka, uzi wa ndoana ukining'inia.

Nikaichukua karatasi ya mwisho. Mstari wa mwisho uliishia katikati. Chini yake, nusu nzima ya karatasi, tupu. Nani angejua? Kila maandishi yana mwisho, na chini ya mwisho kuna karatasi. Saleh aliiona hivyo. Hata mimi niliiona hivyo.

Nikaingia ndani nimwambie Anyango.

Rehma alikuwa bado analia mapajani mwake. Anyango hakuwa amemkumbatia tena. Mikono yake ilikuwa imelala kando. Alikuwa akimtazama mtoto kama unavyotazama mvua ukiwa ndani ya nyumba.

"Wifi," nikamwita.

"Analia," akasema. "Si ndiyo nilitaka?"

"Ndiyo."

"Nasikia," akasema. "Nasikia tu."

Na akasogea kidogo kwenye mkeka.

Nje ilikuwa saa ya kupika. Saleh alikuwa amemletea Rehma uji kwenye sahani ya bati, lakini ulikuwa moto. Mtoto alikuwa na njaa ya siku zote zile, na sasa aliisikia. Akachukua kijiko. Mnajua watoto wenye njaa. Akaanza kugonga sahani.

Nga. Nga. Nga.

Anyango akainuka. Akamtua mtoto chini, vizuri, akamwekea sahani mbele. Akatoka.

Rehma aliendelea kugonga. Alidhani mama ameenda kuleta sukari.

Nilimkuta Anyango kwa Swaumu, nyumba inayofuata. Amesimama jikoni kwa watu, hasemi kitu. Swaumu alikuwa anacheka, "Wifi yako leo amekuja kunisaidia?" huku anasonga ugali. Ukaiva. Akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, kama kila mwanamke anavyogonga. Anyango akageuka, akatoka, akaingia nyumba ya tatu.

Saleh akatukuta hapo. Alimshika mkono. Anyango hakumvuta, hakumsukuma, uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Ila miguu haikusimama. Nyumba ya tatu mwiko ukagongwa. Akatoka. Niliwaambia watu wasigonge. Unawaambiaje watu wa mji mzima wasipike? Tulivuka barabara kuu. Tukaingia Nyalenda. Kila mlango una jiko. Kila jiko lina sufuria. Nga, na tunatoka. Nga, na tunatoka. Wengine walimsalimu kwa Kijaluo, wakimwita mama Rehma. "Min Rehma, karibu ugali." Akasimama kidogo kwao, akapisha kidogo, akaondoka.

Miguu yangu ikaanza kuchoka. Kisha nikagundua haikuchoka. Nilikuwa siisikii.

Nyumba ya mwisho ilikuwa kule Dunga, ya mama mmoja muuza samaki wa kukaanga. Baada yake ni mafunjo, baada ya mafunjo ni maji. Saleh alikuwa amemshika kwa mikono miwili. Alikuwa anamwomba kwa Kijaluo, lugha ya mkewe, anamwita kwa jina. Yule mama akainua chujio lake kutoka kwenye karai. Nikamwambia, "Mama, tafadhali."

Akaligonga ukingoni, kukung'uta mafuta.

Kilichofuata sikukiona. Narudia alichosema Saleh, alichokisema siku ile na miaka yote mpaka alipokufa, bila kuongeza neno. "Nilikuwa nimeushika mkono wake. Halafu nilikuwa nimeshika mkono wangu mwenyewe."

Mafunjo yalitikisika mstari mmoja, kwenda majini. Mstari mpana. Si wa mtu mmoja.

Wavuvi walitafuta. Hakuna kilichopatikana, hata kiatu. Saleh akalichoma lile gunia la vitabu, akaziyeyusha herufi zote, akauza mashine kama chuma chakavu. Alifikiri amemaliza.

Lakini vitabu vya Usenge havikurudi vyote. Na miaka ya tisini ikaja, ile miaka ambayo Jumamosi haikutosha mazishi, boma likimaliza kuzika linaanza upya, watoto wanabaki na bibi. Nani asingetaka kitabu cha kuondoa uchungu? Walikitoa fotokopi. Fotokopi ikatolewa fotokopi. Mwaka wa tisini na saba, wakati magugu yalipolifunika ziwa mpaka kuku wanatembea juu yake, nilikuwa Katito siku ya soko. Nikakiona juu ya gunia, kati ya dawa za minyoo na betri. Jalada la buluu lilikuwa limegeuka jeusi. Sala zimeshikana vilevile, hakuna nafasi, kazi safi ya mdogo wangu.

"Mama, chukua," muuzaji akaniambia. "Hii inatoa uchungu kabisa."

"Na inaurudisha?"

Akacheka. "Irudishe ya nini?"

Nikakinunua ili kipungue kimoja. Nilipofika nyumbani nikakifungua mwisho. Chini ya mstari wa mwisho palikuwa na nusu karatasi tupu, ile moja tu ambayo Saleh hakuifunga, kwa kuwa aliidhani ni mwisho. Fotokopi ni karatasi laini, haina kovu la herufi. Nikapitisha kiganja. Palikuwa na uvimbe mdogo mdogo, wa mviringo, umejitokeza kuelekea kwangu. Kama bati linalogongwa upande wa pili.

Nilikifungia kwenye sanduku la bati.

Siku hizi nakaa Dunga, kwenye nyumba ya yule mama wa samaki. Aliihama, hakuna aliyeitaka. Chumvi na sukari kwangu ni jamaa moja. Nimezika mdogo wangu na sikulia, watu wakasema nina imani kubwa. Na mtu akigonga sufuria karibu yangu, miguu huanza kutembea yenyewe. Nikikaa chini haraka hutulia.

Rehma ameolewa, yuko Migosi, ana mtoto. Sahani zake zote ni za plastiki, vijiko vya mbao. Analia kwa jambo lolote, arusi, mechi, redio. Juzi alikuja kuniona, akakaa karibu na sanduku.

"Shangazi, nani ameliharibu?"

Mfuniko ulikuwa na uvimbe. Si vishimo vya kitu kilichoangukia juu. Bati lilikuwa limevimba kutoka ndani, mahali pengi, duara ndogo ndogo. Rehma aliweka vidole vyake vile vyenye kovu juu ya moja, akavizungusha.

"Ni alama za kijiko," akasema. Akaanza kulia.

Nilimtazama. Jua lilikuwa linashuka, ugali wangu umeiva. Nikautoa mwiko polepole, nikaulaza kwenye sahani ya plastiki aliyoniletea Rehma, bila kuugusisha ukingo wa sufuria. Baada ya nyumba yangu hakuna nyumba nyingine, ni mafunjo na maji.